Kukusanya Filamu za Upelelezi za Televisheni na Kuzitumia Darasani

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwalimu anavyoweza kukusanya filamu za upelelezi zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni, kuzitunza, na kuzitumia kama zana ya kufundishia. Tunayoyaeleza yametokana na kazi tuliyoifanya Ikinga, katika Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, ambako tuna sanduku lenye kanda 38 za video na diski zipatazo 60. Hatudai kwamba mkusanyo huo ni mkubwa. Tunachodai ni kwamba umetusaidia kufundisha jambo moja ambalo ni rahisi kulitaja na vigumu kulifundisha, yaani tofauti iliyopo baina ya kushuku na kuthibitisha.

Wapo wenzetu watakaouliza filamu za wauaji na askari zina nafasi gani shuleni. Swali hilo ni la haki. Tutalijibu kwa kueleza kwanza kisa kilichotusukuma kuianza kazi hii.

Kisa kilichotusukuma

Kabla ya kuhamia Ikinga tulifundisha darasa la sita katika shule moja ambayo hatutaitaja. Siku moja zilipotea shilingi 14,000 ambazo wanafunzi walikuwa wamezichanga kwa ajili ya karatasi za mtihani wa majaribio. Kabla ya kengele ya mchana darasa zima lilikwisha kumjua mwizi. Alikuwa mvulana ambaye wazazi wake walihamia kijijini mwaka uliotangulia, kutoka ng'ambo ya Mto Songwe. Ushahidi dhidi yake ulikuwa wa namna tatu: alionekana karibu na meza ya mwalimu wakati wa mapumziko, alikuwa amenunua maandazi, na tena, "watu wa kule tunawajua". Tulipouliza ni nani aliyemwona akichukua fedha, hakusimama hata mmoja. Hata hivyo hatukuwakanya wanafunzi walipomwita mwizi, kwa kuwa nasi moyoni tulikuwa tumekwisha kumhukumu. Mtoto huyo hakuja shuleni kwa siku 9.

Siku ya kumi tulizikuta fedha ndani ya jalada la daftari la mahudhurio. Tulikuwa tumezitia humo sisi wenyewe siku ile tulipoitwa ofisini kwa haraka. Tulikwenda kwa baba yake tukamwomba radhi, na kesho yake tukakiri kosa letu mbele ya darasa. Mzee yule alitupokea kwa upole kuliko tulivyostahili. Mwanawe alirudi, lakini kwa muhula mzima hakunyosha mkono kujibu swali lolote.

Ndipo tulipotambua upungufu wa mafundisho yetu. Watoto wale walijua kugawanya desimali na kuchanganua sentensi. Hawakujua kujiuliza: "Haya tunayoyasema tumeyajuaje?" Nasi tusingeweza kuwalaumu, maana hatukuwa tumewafundisha, na siku ilipokuja sisi wenyewe hatukujiuliza.

Jinsi filamu hizi zilivyotufikia

Hadithi ya upelelezi si ngeni katika Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58 kwa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, na kwa riwaya hiyo Bwana Msa akaingia katika fasihi yetu. Faraji Katalambulla alifuata kwa Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Bwana Msa hasa ni mwalimu mzuri. Penye mzimu watu huogopa mizimu, naye hutafuta mtu mwenye sababu na nafasi ya kutenda.

Filamu, kwa upande wake, zilitufikia kwa njia ya pekee. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake mpaka mwaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi. Televisheni ya taifa ilikuja baadaye, karibu na mwaka 2000. Kwa hiyo kwa wengi wetu video iliitangulia televisheni. Filamu zilizotengenezwa ili zitazamwe katika sebule za Uingereza, Ujerumani na Marekani zilitufikia ndani ya kanda, zikiletwa na mabaharia, wanafunzi waliorudi kutoka ng'ambo na wafanyabiashara, zikaonyeshwa katika mabanda ambayo watu wamezoea kuyaita vibanda umiza. Katika mabanda hayo ilistawi pia kazi ya mfasiri wa filamu, ambaye husimulia kwa Kiswahili juu ya picha za kigeni. Lufufu alijulikana sana kwa kazi hiyo.

Mkoa wetu una lango lake. Tunduma imekaa mpakani mwa Zambia, penye barabara kuu itokayo Dar es Salaam na penye reli ya TAZARA iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970. Mji wa namna hiyo hupitiwa na kila bidhaa. Diski zilipozishinda kanda, wenye mabanda waliziona kanda zao kuwa mzigo, nasi tukazipata kwa bei ya chini, nyingine tukapewa bure pamoja na deki isiyokuwa na kifuniko.

Aina tatu za filamu za upelelezi

Mwalimu asikusanye ovyo. Inafaa ajue kwanza kila filamu imejengwa namna gani, kwa kuwa ujenzi wake ndio unaoamua somo litakalofundishwa.

Aina ya kwanza ni ile ya fumbo. Kosa limetendeka, washukiwa wapo kadhaa, na mtazamaji hajui mkosaji mpaka mwisho. Hapa tuna filamu za Poirot alizoigiza David Suchet nchini Uingereza tangu mwaka 1989 hadi 2013, ambazo jumla yake ni 70. Za Miss Marple zilizotengenezwa na BBC kati ya mwaka 1984 na 1992, akiigiza Joan Hickson. Na za Sherlock Holmes alizoigiza Jeremy Brett tangu mwaka 1984 hadi 1994. Aina hii hufaa kwa zoezi la kuorodhesha washukiwa na kuwaondoa mmoja mmoja kwa hoja.

Aina ya pili ni kinyume cha hiyo. Mtazamaji huonyeshwa mkosaji tangu mwanzo, na kinachobaki ni kuona mpelelezi atakavyothibitisha. Mfano bora ni Columbo, aliyebuniwa na Richard Levinson na William Link na kuigizwa na Peter Falk. Filamu ya kwanza ya televisheni aliyoiigiza ilionyeshwa Marekani mwaka 1968, mfululizo ukaanza mwaka 1971, na filamu ya mwisho ikatoka mwaka 2003. Derrick, wa Ujerumani, aliyeigizwa na Horst Tappert katika vipindi 281 kati ya mwaka 1974 na 1998, naye katika vipindi vingi vya mwanzo alifuata njia hiyo. Kwa maoni yetu aina hii ndiyo imfaayo mwalimu kuliko zote. Mwanafunzi akiisha kumjua mkosaji, hashughuliki tena na kubahatisha, hushughulika na swali gumu zaidi, nalo ni: "Tunajua, lakini je, tunaweza kuonyesha?"

Aina ya tatu ni ile ya mpelelezi aliye jirani. Mfano wake ni Precious Ramotswe wa Botswana, katika filamu na mfululizo wa mwaka 2008 na 2009 vilivyopigwa picha nchini humo, Jill Scott akiwa mwigizaji mkuu. Humo mna mauaji machache. Mna waume wanaopotea, mali zinazobishaniwa na watu wanaojidai kuwa sio. Mtoto wa Ikinga huona nyumba, vumbi na heshima anazozifahamu, na hivyo hoja humwingia bila ya kukwazwa na ugeni wa mandhari.

Namna ya kukusanya

Kwanza, mwalimu achague kwa kusudi. Filamu 5 anazozijua vizuri zitamfaa kuliko 50 asizozitazama.

Pili, achunguze mfumo wa kanda kabla ya kulipa. Sisi hutumia mfumo wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde, kama Uingereza. Marekani imetumia NTSC, wenye mistari 525 na picha zipatazo 30 kwa sekunde. Kanda ya Kimarekani ikitiwa katika deki ya PAL tupu, picha huyumba, hupoteza rangi au haionekani kabisa. Diski nazo zina kanda za dunia: diski zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani ni za eneo la 1, za Uingereza ni za eneo la 2, na nchi yetu imo katika eneo la 5. Mnunuzi atazame namba hiyo nyuma ya kasha, au awe na deki inayosoma maeneo yote.

Tatu, awe na daftari la orodha. Sanduku lisilo na daftari ni ghala la plastiki tu. Katika daftari letu kila filamu ina namba, jina, mwaka, lugha, urefu na hali ya kanda. Muhimu kuliko yote ni safu ya mwisho, ambamo tunaandika dakika ambayo ushahidi unatokea na swali linaloweza kuulizwa hapo. Safu hiyo ndiyo inayomwezesha mwalimu mwingine kuutumia mkusanyo sisi tukiisha kuhama.

Nne, aheshimu sheria. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na sokoni zimo nakala nyingi zilizotolewa bila idhini. Mwalimu anayefundisha juu ya wizi kwa kutumia diski ya wizi atakuwa amejipinga mwenyewe. Tulizitenga tulizozitilia shaka, hata pale ilipotuuma.

Namna ya kutunza

Kanda ya video ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wenye sumaku. Unga huo umeshikwa na gundi, na gundi ina maadui wawili wakubwa: joto na unyevu. Pwani huteseka kwa yote mawili. Huku milimani joto si tatizo, lakini mvua ni nyingi na ukungu huingia hadi ndani ya nyumba, nao huleta kuvu. Kuvu huonekana kama vumbi jeupe pembeni mwa utepe. Kanda yenye dalili hiyo isitiwe katika deki kamwe, maana itachafua vichwa vya deki, na kanda zote zitakazofuata zitaambukizwa. Tulipoteza kanda 6 kwa kutojua hilo.

Mambo yafuatayo yametusaidia. Kanda husimamishwa wima kama vitabu, hazilazwi. Hurudishwa hadi mwanzo kabla ya kuwekwa. Hukaa mbali na vipaza sauti, ambavyo vina sumaku, na mbali na jua la dirishani. Sanduku huinuliwa juu ya sakafu, na siku za ukavu hufunguliwa lipate hewa. Kidole kidogo cha plastiki kilicho mgongoni mwa kanda huvunjwa, ili asitokee mtu akarekodi kitu kingine juu yake. Kanda yetu moja ya Poirot ilifutwa hivyo, na leo katikati yake mna dakika 20 za harusi. Diski nazo hushikwa ukingoni, na hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, si kwa kuzungusha.

Lakini utunzaji huu ni wa kuchelewesha tu. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kuwa inatengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Deki zilizobaki zinakufa moja moja, na vipuri vyake hupatikana kwa kuvunja deki nyingine. Kwa hiyo tumeanza kuhamisha kanda zetu kwenye kompyuta kwa kifaa kidogo kinachounganishwa na deki kwa waya za njano, nyekundu na nyeupe. Kanda ya saa 3 huchukua saa 3 kuhamishwa, hakuna njia ya mkato. Kila filamu tunaiweka mahali pawili, kwa ajili ya darasa tu, wala si kwa kuuza.

Mfano wa somo

Filamu tunayoitumia mara nyingi ni kipindi cha Columbo kiitwacho Murder by the Book, cha mwaka 1971, kilichoongozwa na Steven Spielberg alipokuwa angali kijana. Urefu wake ni dakika zipatazo 75. Hatuionyeshi yote. Tunachukua kipande cha mwanzo, na mandhari ya kuua hatuionyeshi bali tunaisimulia.

Habari yenyewe ni hii. Mwandishi mmoja anamchukua mwenzake hadi nyumba yake ya mapumziko iliyo mbali na mji. Anamshawishi ampigie simu mkewe na kumwambia kwamba bado yuko ofisini akifanya kazi. Wakiwa katika kuzungumza, anampiga risasi. Mke anasikia mlio, na anawaambia polisi kwa uaminifu kabisa kwamba mumewe ameuawa ofisini.

Hatua ya 1: Kabla ya kuonyesha, wanafunzi hugawanya ukurasa katika safu tatu: "Lililoonekana au kusikika", "Linalodhaniwa", na "Lililothibitishwa".

Hatua ya 2: Kipande huonyeshwa mara moja bila kusimamishwa. Kwa kuwa lugha yake ni Kiingereza, mwalimu hufanya kazi ya mfasiri wa kibandani. Hutafsiri maneno ya waigizaji bila ya kuongeza lake.

Hatua ya 3: Huonyeshwa mara ya pili na kusimamishwa penye ushahidi wa mke. Swali huwa moja tu: "Mama huyu anajua nini?"

Hatua ya 4: Wanafunzi hujadiliana katika vikundi vya watu watano, kisha kila kikundi huandika aya moja ya kueleza sababu zake. Aya hiyo ndiyo tunayoisahihisha kama zoezi la utungaji.

Mara ya kwanza tulipolitoa somo hili, vikundi vyote viliandika katika safu ya tatu kwamba mume aliuawa ofisini. Msichana mmoja aliyekaa nyuma alikataa. Alisema: "Mama hasemi uongo, lakini hakuona. Alichosikia ni sauti tu." Mjadala ulidumu hadi kengele ikapita, na mwishowe kila kikundi kiliihamisha sentensi ile kutoka safu ya tatu hadi ya pili. Watoto waligundua wenyewe kwamba mtu mkweli anaweza kusema lisilo kweli, nalo ni jambo ambalo mwalimu akilitamka tu haliingii.

Wiki iliyofuata tuliwasimulia kisa cha zile shilingi 14,000, bila ya kutaja shule, wala mtoto, wala mwisho wake. Tuliwapa safu zile zile tatu. Katika safu ya kwanza waliandika kwamba mvulana alionekana karibu na meza na kwamba alinunua maandazi. Yaliyobaki yote waliyaweka katika safu ya pili. Safu ya tatu ilibaki tupu. Kisha mvulana mmoja akauliza: "Je, mwalimu naye alipekuliwa?" Tuliwaeleza yaliyotokea.

Matatizo na tahadhari

Tatizo la kwanza ni umeme. Mwalimu awe na somo la akiba la kusimulia, maana umeme unaweza kukatika mpelelezi akiwa mlangoni. Tumewahi kumaliza filamu nzima kwa mdomo, na wanafunzi hawakulalamika.

Tatizo la pili ni ukatili. Mwalimu aitazame filamu yote peke yake kwanza, na kipande kisichofaa akiache. Darasa si banda, na idadi ya filamu si sifa.

Tatizo la tatu ni kubwa zaidi, nalo limo ndani ya filamu zenyewe. Katika filamu mkosaji hupatikana kila mara kabla ya saa mbili kwisha, na mara nyingi hukiri. Maishani sivyo. Mwanafunzi anaweza kutoka na imani kwamba kila jambo lazima lipate mkosaji wake leo leo, na imani hiyo ndiyo iliyomfukuza mvulana wetu shuleni kwa siku 9. Vijijini mwetu hufa ng'ombe, huungua nyumba, huugua mtoto, na watu hutafuta jina la mtu kabla ya kutafuta sababu. Kwa hiyo baadhi ya filamu tunazikata kabla ya mwisho, tena hatuutoi mwisho huo hata tukiombwa. Jibu la "Bado hatujui" hupata alama kamili katika madaftari yetu, mradi mwanafunzi aeleze ni ushahidi gani unaokosekana.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba filamu za zamani za upelelezi, ambazo wengi wanazihesabu kuwa za kupitishia wakati, zinaweza kuwa zana ya kufundishia kufikiri, zikikusanywa kwa kusudi, zikiandikwa katika daftari na kutunzwa. Vyuo vya ualimu vyenye kanda kabatini tunavishauri viziorodheshe na kuzihamisha mapema, kabla deki hazijatoweka. Mwalimu wa kijijini asiye na kitu na aanze na filamu moja. Hata asiye na deki anaweza kuanza na Bwana Msa, maana safu tatu zinachorwa ubaoni kwa chaki.

Sanduku letu lingali Ikinga, na daftari lake limo ndani ya kifuniko. Ukurasa wake wa kwanza hauna jina la filamu. Umeandikwa shilingi 14,000, siku 9, na safu tatu. Ya tatu ni tupu.